Katekista na Siku Ziwa Lilipotulia

Katekista wetu wa Nkanka, huku kando ya ziwa Kivu, hakumvumilia mtu anayetia chumvi mbele ya msalaba. Jumapili ambazo Padri hakufika, ibada ikiwa mikononi mwake, ukisimama kutoa ushuhuda ulijua kabisa unakwenda kuhojiwa. Siku moja maman mmoja alisimama akasema Mungu amemponya malaria bila hata kidonge kimoja. Kanisa zima makofi. Katekista akangoja makofi yaishe, kisha akamuuliza kwa upole kama si yeye aliyemwona Jumatano pale kituo cha afya. Maman akajibu ndiyo, alikwenda, lakini alikuwa anasindikiza mtu. Katekista akauliza, alimsindikiza nani? Maman akakaa chini. Tulicheka mpaka tukaficha nyuso kwenye vitenge, na yeye hakucheka.

"Mungu hana haja na uongo yetu," akasema, akaendelea na matangazo.

Naanza na hilo ili mjue nilikuwa namwona vipi. Mimi nilikuwa namwamini yule mzee kuliko nilivyomwamini Padri, na Padri mwenyewe alilijua hilo. Ndiyo maana aliyoniambia siku ile kwake, mlangoni, yamenikaa vibaya mpaka leo. Sasa amekufa, na mimi nimechoka kuyabeba peke yangu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, koti moja la kijivu jua na mvua, mabuti ya plastiki hata siku ya Pasaka. Alikuwa mkali kwa mambo ya dini, lakini ukipita nyumbani kwake asubuhi ulimkuta anamenya mihogo huku redio ikipiga rumba, na kiuno kikifuata polepole. Ukimsalimia alizima redio haraka, kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari. Sisi tuliorudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya ziwa, tulimpenda kwa sababu nyingine pia. Tulikuja huku Kinyarwanda chetu kikiwa cha kubabaisha, watoto wa hapa wanatucheka, na yeye peke yake ndiye aliyetufundisha katekisimu kwa Kiswahili. Nilimuuliza alikitoa wapi Kiswahili kizuri hivyo. Akasema alijifunza ziwani, ujanani, kwa wanaume wa ng'ambo aliovua nao. Nilipouliza ni akina nani hao, alisema tusome ukurasa unaofuata.

Lazima nieleze habari ya ziwa, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kila mwaka Kivu hufungwa kwa muda ili sambaza, dagaa wa ziwa letu, wazaane. Siku ya kufunguliwa, Wakristo wa kwetu hushuka wote mpaka ufukoni wakiimba, mitumbwi inabarikiwa, na Katekista anatoa ushuhuda wake. Huo wake hakuna aliyewahi kuuhoji. Nani angeuhoji? Katika wale waliokuwemo siku ile, ni yeye tu ambaye uzee haukuwa umemchukua.

Alikuwa anausimulia hivi. Wavuvi wetu hufunga mitumbwi mitatu pamoja, mmoja katikati na miwili pembeni, kwa miti mirefu na kamba, wavu ukining'inia chini. Ujanani mwake yeye alikuwa mdogo kuliko wote katika ekipi, yaani kundi la wavuvi, ya mzee mmoja mcha Mungu, mwenye mitumbwi. Alfajiri moja, wakirudi, dhoruba ikawakuta katikati ya ziwa. Yule mzee akasimama katikati ya mawimbi, akainua rozari, akaanza Salamu Maria, na kabla hajaimaliza ziwa likatulia. "Na siye bote tukarudi," alikuwa anamalizia, na hapo akina maman huangua vigelegele. Yule mwenye mitumbwi alijenga kanisa letu kwa shukrani, na msalaba mkubwa ulio ndani ulichongwa kutoka mti uliokuwa unashikanisha ile mitumbwi. Upande wa chini una alama za kukatwakatwa. Tulikuwa tunasema ni mawimbi yaliyouma. Tulizibusu alama zile, na wenye watoto wachanga walisugua vichwa vya watoto hapo.

Sasa huyohuyo mtu hakuwahi kukanyaga mtumbwi tangu nimjue. Kisiwa cha Nkombo kiko pale mbele, unakiona, unasikia jogoo wake, na waumini wa huko walimwalika kwenye harusi, kwenye misiba, akakataa. Sambaza hakula. Ukimwekea sahani alisogeza samaki pembeni, akala ugali na mboga, akasema tumbo. Tena alikuwa na ugomvi usioisha na wavuvi juu ya jileti, yale makoti ya kuelea ambayo ushirika wa wavuvi uliwagawia. Aliwafuata mpaka ufukoni. Aliwafunga kamba za jileti kifuani mwenyewe kama anavalisha watoto wa shule, na wao walimwacha amalize, wakazivua alipopanda kilima.

Wavuvi walimtania sana kwa hilo. Walimwuliza ni nani aliyeliona ziwa likimtii Mungu, wao au yeye. Baina yao ilikuwa imeshakuwa kanuni kwamba siku ya ufunguzi, baada ya baraka, hakuna kuingia na jileti. Aliyevaa anamtukana Mungu na ataleta balaa kwa ekipi nzima. Badala yake walifunga rozari kwenye mti wa katikati. Kanuni hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye ushuhuda wake, na yeye alilijua hilo, na kila mwaka aliurudia ushuhuda na kila mwaka aligombana nao. Mimi niliona ni visa vya uzee tu.

Kuna siku kijana mmoja wa chuo alikuja likizo akatuonyesha kwenye simu, pale uwanjani kwa kanisa, filamu ya watu wasomi wanaosema mambo ya Biblia hayakutokea yalivyoandikwa. Wengine walitaka kumnyang'anya ile simu. Katekista akaiomba, akaiangalia mpaka mwisho, ameishika mbali na uso kwa sababu ya macho. Akairudisha, akasema asante. Halafu akatugeukia sisi.

"Hii ni bantu banawaza tu," akasema. "Lakini kama kesho balete filime ya siku yenyewe, yenye kuonesha vile ilikuwa kweli, na haifanane na vile ninabafundisha, mutarudia kusali?"

Mimi na mdomo wangu nikawa wa kwanza. Nikasema nisingeiangalia hata.

"Na kama weye uko ndani ya ile filime?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Yeye aliniangalia kama anayengoja jibu kweli, kisha akaenda kufunga madirisha ya kanisa. Tulizungumza njiani kwamba mzee ameanza kuwa wa ajabu.

Mwaka ulioleta haya yote ni ule ambao mdogo wangu wa kiume alirudi kwetu. Alikuwa amekwama Bukavu bila kazi, nikamwombea nafasi kwenye ekipi moja ya hapa, kwa kuwa mimi nanunua sambaza kwao na kuzipeleka soko la Kamembe. Mama yetu ametuacha duniani mimi na yeye tu. Kuogelea hajui. Tumekulia mtaa wa mlimani kule Bukavu, ziwa tulikuwa tunaliangalia kutoka juu. Nilipomwambia avae jileti siku ya ufunguzi, alinitazama kama nimesema neno chafu.

"Yaya, weye unaamini ao hauamini?" akaniuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Niliamini. Niliamini kabisa kwamba ziwa lilitulia. Na wakati huohuo nilitaka mdogo wangu avae jileti. Nikapanda kwa Katekista siku moja kabla ya baraka, nimekasirika. Alikuwa na mihogo yake na redio. Nikamwambia aseme na wale vijana. Akajibu amesema nao miaka na miaka. Ndipo nikamwambia alichostahili kuambiwa: kwamba anawaambia wavae jileti, na kwa mdomo huohuo anawaambia ziwa linasikia, sasa wao washike lipi? Nikamwambia mdogo wangu akizama nitakuja kumlaza hapa, mlangoni pake, amwangalie.

Akazima redio. Akamaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi, na mimi nikaona aibu kwa ukali wangu. Mwishoni akasema niende nyumbani, atasema nao kesho.

Kesho yake tukashuka ufukoni na nyimbo na ule msalaba wa kanisani. Mitumbwi ilikuwa imepangwa, rozari zimefungwa, mdogo wangu amekaa pembeni kifua wazi, anang'aa kwa furaha. Katekista akaanza kama kila mwaka. Dhoruba, mawimbi, mzee amesimama, rozari juu. Akafika hapo akanyamaza. Tulidhani amesahau, na maman mmoja akamsaidia kwa sauti: ziwa likatulia.

"Haikutulia," akasema Katekista.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ziwa haikutulia. Mutumbwi wa pembeni ulijaa maji, ukawa unatuvuta. Tulikata kamba na panga. Mutumbwi ule ukaenda na bantu bake. Siye tulipona sababu tulibakia bepesi. Sasa muvae jileti."

Rais wa kamati ya kanisa, mtu mzima mwenye heshima zake, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe husema wote walirudi. Katekista akajibu kwamba walirudi wote wa hapa. Wale wa mtumbwi wa tatu walikuwa watu wa ng'ambo waliokuja kuvua msimu mmoja, na hapa hakuna aliyewaulizia. Kisha akaushika msalaba, akaulaza, akaweka kidole chake kwenye zile alama za chini, moja baada ya nyingine, akasema hili ni panga, na hili ni panga, na hili.

Mimi niliwahi kuligusisha hapo paji la uso la mwanangu wa kwanza. Nikakaa mchangani na kitenge changu kizuri. Watu wa ng'ambo! Ni sisi hao, ni watu wa mtaa wetu, pengine nimesoma na wajukuu zao. Miaka yote hiyo tumepiga vigelegele juu yao. Rais wa kamati akamwondolea Katekista rozari yake mkononi, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akatangaza kwamba Mzee amechoka, akamalizia baraka mwenyewe.

Nilidhani kanisa litafungwa. Nilidhani Jumapili ile tutakuta milango imetiwa kufuli. Wapi! Watu walijaa kama kawaida. Walisema ni uzee, ni pepo, ni homa. Mdomo uleule waliouamini miaka yote ukisema ziwa limetulia, siku ulipokanusha wakasema umechanganyikiwa. Msalaba ulirudi mahali pake na akina maman waliendelea kuubusu, ila niliona walibusu katikati, sio chini tena. Mimi ndiye nilishindwa. Nilikuwa naanza Salamu Maria nyumbani, nafika katikati, naona panga. Nilimkasirikia yule mzee kwa kutudanganya, halafu nikamkasirikia zaidi kwa kuacha kutudanganya.

Lakini jileti zilitoka stoo. Vijana walisema hawamwamini Mzee, mzee hajielewi, na huku wanafunga kamba kifuani mpaka shingoni. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza. Kabla mwezi haujaisha, asubuhi moja, upepo uliwapindua karibu na Nkombo, mti mmoja ukavunjika, wakamwagika wote majini. Watu wa kisiwani waliwaokota mmoja mmoja, wanaelea, wanatapika maji, wazima. Mdogo wangu aliletwa akiwa amefunikwa blanketi la watu, meno yanagongana. Nilimpiga makofi mawili kwanza, ndipo nikamkumbatia.

Katekista alikuwa ameshapumzishwa kazi na Padri. Na hapa ndipo hasira yangu iliporudi, kwa sababu hakuacha kuja kanisani. Alikaa benchi la mwisho. Tukipiga magoti yeye alikuwa ameshapiga, tukisimama yeye bado yuko chini, macho yamefungwa, midomo inatembea. Nilijiuliza, huyu anasali kwa nani? Sisi wengine tunaweza kusema Mzee ameota. Yeye alikuwemo ndani ya mtumbwi. Ile filamu aliyotuuliza, yeye anayo kichwani usiku na mchana.

Basi nikamfuata. Alikuwa ameanza kuumwa, wamemtolea kiti mlangoni apate jua, koti la kijivu limekuwa kubwa kwake. Nilimpelekea sukari na sabuni, nikamshukuru kwa ajili ya mdogo wangu. Akauliza kama jileti ilifungwa vizuri. Nikasema ndiyo. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Mzee, weye ndiye unajua muujiza haikutokea," nikamwambia. "Namna gani unasali?"

Aligeuza kichwa polepole.

"Nani amekuambia haikutokea?"

Nikamwambia ni yeye, ufukoni, mbele ya watu wote.

"Kule niliongopa," akasema.

Nikasema moyoni labda kweli ni homa. Nikataka kusimama. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Akaniambia yule mwenye mitumbwi alikuwa kweli amesimama, rozari juu, anasali, na kati ya maneno ya sala alikuwa anawapigia kelele wangoje, wasikate, wangoje. Watu wa mtumbwi wa pembeni walikuwa wanasikia, na wao wanasali. Panga lilikuwa miguuni pake yeye, mdogo wa wote. Hakuna aliyemtuma. Aliogopa, akakata.

"Kamba ya mwisho ikaachia," akasema. "Na upepo ukaisha. Palepale. Mzee wetu hakukuwa amefika ku Amina. Ziwa ikalala kama maji ya mu sahani. Panga iko mu mukono yangu. Tuliita mpaka jua ikatoka, hakuna muntu aliitika."

Nilimtazama.

"Kama ningengoja Salamu Maria moja iishe," akasema, "bangerudi bote."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema hivyo ufukoni. Alikuwa anakiri, si angekiri yote? Yeye ambaye hakumwacha mtu aongeze hata kidonge kimoja kwenye ushuhuda! Sauti yangu ilikuwa imepanda, jirani akachungulia. Yeye hakupandisha yake.

"Ningebaambia batoto kama ziwa ilitulia kweli, nani angevaa jileti? Bangesema tungoje, Mungu anakuja. Na siku hatakuja?" Akalivuta koti kifuani. "Miaka yote nilikuwa ninabapa Mungu na ninabaficha bale bantu. Siku ile nikabapa bale bantu, nikabaficha Mungu. Vyote viwili pamoja, sijue muntu anaweza kubisikia na apande mu mutumbwi."

Nikarudia swali langu, kwa sababu hakulijibu. Namna gani anasali?

"Weye unaweza kuacha kusali, hakuna shida, haukuona," akasema. "Miye niliona. Alikuja, na miye nilikuwa nimeshakata. Nitaachaje?"

Akaniambia Padri anajua, alishaungama zamani, na mapadri waliomtangulia huyu pia. Kuungama hakukumsaidia kulala. Akaniomba nisiseme kitu maadamu wale vijana bado wanakwenda ziwani. Niliitikia. Nililia mbele yake bila aibu, na sijui mpaka leo nilikuwa nawalilia wale watu wa ng'ambo, au yeye, au ni kwa sababu Mungu alikuwa amerudi kwangu kwa njia ambayo sikuitaka.

Nilipotelemka, mdogo wangu alikuwa ananingoja kwenye njia ya ziwani, amevaa jileti, zamu yake imefika. Aliyaona macho yangu mekundu, akauliza kama Mzee yuko karibu kufa. Nikasema bado. Akasita, akachora chini kwa kidole cha mguu, kisha akauliza kitu kilichokuwa kinamsumbua tangu wamwokote kule Nkombo. Majini, akasema, alisali, na baada ya kusali upepo ulipungua. Wenzake wanasema pengine Mzee alikosea, pengine ile siku yake ziwa lilitulia kweli. Je, Mzee amesema nini?

"Haikutulia," nikamwambia. "Amesema haikutulia hata kidogo. Kapande mtumbwi."